Nakala Iliyobaki Rhotia

Kwa wasafiri wengi Rhotia ni kijiji cha kuonwa kupitia kioo cha gari. Ukishapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, kabla hujafika Karatu mjini, unakikuta kando ya lami, na magari ya watalii yanayoelekea Ngorongoro hayana sababu ya kusimama. Mimi husimama kwa sababu ya shemeji yangu, mwalimu mstaafu. Sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, pana kompyuta ya mkononi iliyochakaa, diski mbili na ruta. Mwalimu hupakua video mtandaoni, huzipanga kwa madarasa na kwa mada, kisha huzirusha ndani ya nyumba kwa Jellyfin, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2018. Mwenye simu au luninga iliyounganishwa na ruta hiyo huzitazama bila bando. Jambo hili la mwisho limemgharimu maelezo mengi. Wapo majirani ambao hadi leo wanaamini kwamba Mwalimu ana intaneti ya bure na anawanyima.

Hesabu yake ni nyepesi. Somo la saa moja, kwa picha ya wastani, hula takribani megabaiti 300. Wanafunzi 40 wakilitazama kila mmoja kwa simu yake, zinalipiwa gigabaiti 12 kwa somo lilelile moja. Mwalimu hulipia mara moja. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 3,000 za masomo ya namna hiyo, ambazo hakuna mtoto wa Rhotia atakayezimaliza. Upo ubishi kwamba simu zenyewe zina kitufe cha kuhifadhi video. Ni kweli, lakini video iliyohifadhiwa kwa kitufe hicho hukaa ndani ya programu ileile, na baada ya muda huitaka simu irudi mtandaoni, la sivyo haifunguki. Umeazimwa tu, hukupewa.

Nilikuwa nikiuona mtambo ule kama burudani ya mstaafu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimika nchini na ikaanza kurejea baada ya takribani siku tano. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki chache. Mimi, mhadhiri mwenye vitabu vyangu vyote “mawinguni”, nilikaa siku hizo nikitazama ukuta. Sebule ya Mwalimu, kwa maelezo ya dada yangu, ilijaa wanafunzi wa fizikia na hesabu hadi viatu vikakosa nafasi mlangoni. Tusidhani kwamba ni amri za serikali pekee zinazotufikisha hapo. Tarehe 12 Mei 2024 kukatika kwa nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, kulitosha kuidhoofisha intaneti ya Tanzania na majirani zake bila mtu yeyote kutoa amri.

Hata hivyo, si masomo yaliyonisukuma kuandika. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa jirani alirekodi kwa simu mzee akitoa slufay katika sherehe. Slufay, kwa msomaji asiye wa huku, ni utendi-dua wa Wairaqw: mzee hunena, waliohudhuria huitikia, na maneno yake yamebeba historia, baraka na Kiiraqw cha kina ambacho vijana wengi hawakimudu tena. Video ile iliwekwa YouTube, watu wakaipenda, ikasahauliwa. Kijana alipoteza simu, akapoteza na nywila. Baadaye akaunti ikaondolewa na video ikaenda nayo. Mzee alipofariki familia ilitafuta sauti yake kila mahali, na nakala pekee ikapatikana juu ya kabati la vyombo. Mwalimu alikuwa ameipakua kwa sababu tu hakuelewa maneno mawili na alitaka kuyasikiliza tena.

Taifa limehifadhi nini kwa bahati ya namna hiyo? Karatu iliwakilishwa bungeni na Dk. Willibrod Slaa kuanzia 1995 hadi 2010. Kijana wa Rhotia aliyezaliwa mwaka 2005, akitaka kumwona mbunge wa wazazi wake akijenga hoja kuhusu EPA, hutegemea hisani ya mtu asiyemjua aliyerekodi luninga na kuipandisha video. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja mijadala ya Bunge, kwa hoja ya gharama. Leo Bunge lina chaneli yake YouTube, na ni hatua ya kushukuriwa, ila chaneli si kumbukumbu. Anayeweza kuipandisha video anaweza kuishusha, na kampuni iliyoko California inaweza kuzishusha zote. Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka blogu na majukwaa yasiyo na leseni yasitishe kuchapisha, JamiiForums yenyewe ilitoweka kwa muda, na wanablogu kadhaa hawakurudi tena. Walichoandika kimebaki kwa yule tu aliyejiwekea nakala.

Huko Philadelphia, Marekani, mwanamke aitwaye Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi, alirekodi habari za luninga usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 2012. Aliacha makumi ya maelfu ya kanda. Waliomzunguka walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Leo kanda hizo ziko chini ya hifadhi ya Internet Archive, na zimo habari ambazo vituo vyenyewe havikujali kuzitunza.

Najua jibu la mwanasheria: masharti ya YouTube yanakataza kupakua nje ya njia inazoruhusu yenyewe. Sawa. Lakini masharti ya kampuni ni jambo moja na sheria ya nchi ni jingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua matumizi binafsi ya kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, na Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, mwaka 1984 katika shauri la mkanda wa Betamax, iliona kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si wizi. Je, sebule yenye watoto 30 wa majirani bado ni “nyumbani”? Hapo sina uhakika wa kutosha kumtetea shemeji yangu mbele ya hakimu, na nimemwambia hivyo.

Hoja ya wasanii naiheshimu zaidi. Mwanamuziki wa Karatu anayesubiri senti zake kwa kila mtazamo anapunjwa tunapoihamisha kazi yake kwenye diski, na wauza nyimbo wa kujaza memori kadi mitaani wamekwisha mpunja vya kutosha. Mwalimu hahifadhi filamu zinazouzwa, na muziki anaacha. Naona amechora mstari mahali pazuri.

Lakini somo lililotengenezwa na Taasisi ya Elimu Tanzania linamdhulumu nani likikaa Rhotia? Mjadala wa bajeti? Semina ya wizara kuhusu ugonjwa wa mahindi? Vimelipiwa na kodi. Kitabu kikichapwa nchini, nakala yake hutakiwa kufikishwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Video ya umma haina wajibu unaofanana na huo unaotekelezwa. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa maofisa habari wa wizara na halmashauri, wafanye jambo lisilohitaji bajeti mpya: video mnayoipandisha YouTube iwekeni pia kwenye tovuti yenu kama faili la kupakuliwa, na muandike chini yake kwamba mwananchi anaruhusiwa kuinakili na kuigawa bila kuiuza. Maktaba za wilaya zipewe diski hizo kila mwaka. Mwalimu akifanya kwa siri kile ambacho ofisi ingepaswa kukifanya kwa tangazo, aibu si yake.

Siku ya kuondoka alinikabidhi diski tupu. “Daktari,” alisema, “nijazie mihadhara yako.” Nilikubali kwa mbwembwe. Nilipofika chuoni nikaambiwa mihadhara iliyorekodiwa ni mali ya chuo, na kwamba niandike barua ya kuomba ruhusa. Barua ina wiki sita sasa. Diski iko mezani kwangu.