Jioni Twanyamazishwa

Tangu 2002 Radio Okapi hutangaza habari kwa Kiswahili pia. Twaishukuru. Lakini jioni, saa ya kujadili mambo ya nchi katika «Dialogue entre Congolais», Kifaransa ndicho hukalia kiti. Hapa Luvungi mkulima wa mpunga, aliyetozwa barabarani mchana, hukaa mbele ya redio kama mtoto mbele ya baraza la wazee. Wasomi husema Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya serikali. Ajabu! Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano uliruhusu lugha za watu katika Misa. Fumbo la Ekaristi twalifundisha kwa Kiswahili. Je, bajeti ya Kinshasa ni fumbo kubwa zaidi? Enyi watangazaji, jioni moja mwulizeni mkulima huyo, kwa lugha yake, barabara ya Ruzizi yamgharimu nini.