Mgonjwa Aliyerudi Kazini Asikwamishwe

Kwa miaka mingi katika mji wetu wa Bujumbura, neno UKIMWI lilikuwa na maana moja tu, nayo ni kifo. Baba alipougua, kwanza aliacha kazi. Kisha vikauzwa vyombo, baiskeli na mwisho shamba. Watoto walitolewa shuleni, na mama, ambaye mara nyingi naye alikuwa mgonjwa, aliacha biashara yake sokoni ili auguze. Maradhi haya hayakuua mtu mmoja, yaliua nyumba nzima.

Leo hali imebadilika. Chama cha ANSS, kilichoanzishwa mwaka 1993 na kuongozwa na Bibi Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, kilikiita kituo chake Turiho, yaani tuko hai. Jina hilo limetimia. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na maelfu ya ndugu zetu wanaozimeza wapo kazini: katika gereji za Buyenzi, bandarini, katika masoko ya Kinama na Kamenge, na katika mitumbwi ya wavuvi wa ndagala.

Haya si maneno ya kujifariji. Huko Mosoriot, magharibi ya Kenya, wataalamu walifuatilia wagonjwa pamoja na jamaa zao, wakaeleza mwaka 2008 kwamba katika miezi 6 ya kwanza ya dawa, uwezekano wa mgonjwa kuwa kazini uliongezeka kwa asilimia 20, na saa zake za kazi kwa juma zikaongezeka kwa asilimia 35. Wavulana wa nyumba hizo nao walipunguziwa mzigo wa kazi.

Lakini nguvu zikirudi, safari haijaisha. Dawa hizi humezwa maisha yote, na hapo ndipo tunapoona hatari. Kibarua wetu hulipwa kwa siku. Siku anayopanga foleni kituoni ni siku asiyopata faranga hata moja, na jioni watoto humngoja na chungu kitupu. Akimficha tajiri wake sababu ya kutofika kazini, huitwa mvivu. Akiieleza, huogopa kufukuzwa. Basi huahirisha leo, huahirisha kesho, mpaka dawa humkatikia. Hapo virusi hupata nguvu na huweza kuwa sugu, naye hurudi kitandani. Kazi aliyoipata kwa sababu ya dawa ndiyo inayomkosesha dawa.

Hatuwezi kulikubali jambo hili. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mgonjwa ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. Tunaziomba hospitali na vituo vyetu viutekeleze ushauri huu kikamilifu, na viwapokee wafanyakazi alfajiri au siku ya Jumamosi. Kwa waajiri tunasema kwamba sheria ya tarehe 12 Mei 2005 inawalinda wanaoishi na virusi wasibaguliwe. Ruhusa ya nusu siku ni gharama ndogo kuliko kumpoteza fundi aliyebobea.

Aidha, misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla Januari 2025, nchi nyingi za Afrika zilijifunza kwamba uhai wa wananchi wake ulikuwa ukitegemea kalamu ya mtu wa mbali. Hatuna budi kutenga katika bajeti yetu wenyewe fungu la dawa hizi, tukilihesabu kuwa ni mtaji na wala si sadaka, kwa kuwa kila anayezimeza bila kukosa hufanya kazi, hulisha nyumba yake, na virusi vyake vikishafubazwa kabisa, hamwambukizi mwenzi wake.

Dawa imemrudishia mfanyakazi jembe lake. Ni wajibu wetu sote kuhakikisha kwamba halimponyoki tena.