Baridi Yabisi na Huruma Isiyofaa

Mwalimu mwenzangu wa hapa Runyenjes amevimba vidole. Kila asubuhi humchukua zaidi ya saa 1 kuweza kuvikunja ashike chaki. Sisi wenzake tulimhurumia: tukamwondolea zamu ya uwanjani, wanafunzi wakambebea madaftari, na nyumbani akaketishwa kando ya meko, jembe likatwaliwa na wanawe. Sasa nimesadiki kwamba huruma hiyo ilimdhuru.

Kosa linaanzia katika jina. Tukisema baridi yabisi, sisi tukaao chini ya Mlima Kenya, tangu Embu hadi Meru, huilaumu mara moja baridi ya Julai. Lakini maradhi ninayoyasema hayaletwi na baridi, wala si yale ya uzee yanayokula magoti. Ni kinga ya mwili iliyogeuka kuvishambulia viungo vyake yenyewe, na huwapata wanawake mara 2 au 3 zaidi ya wanaume.

Moto huo wa ndani hupimika. Damu huachwa katika mrija uliosimamishwa kwa saa 1, ikatazamwa chembe nyekundu zimeteremka milimita ngapi. Uvimbe ukiwamo, huteremka kwa kasi. (Walimu wa sayansi, hilo ni somo zuri.) Kipimo cha pili hutafuta CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi wakati huo.

Je, mazoezi huuchochea moto huo? Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wagonjwa 309 kwa miaka 2. Nusu yao hivi walifanya mazoezi makali mara 2 kwa juma: baiskeli, kunyoosha viungo, hata michezo ya mpira. Waliimarika, na ugonjwa haukuzidi. Tahadhari ni kwa wale ambao magoti au nyonga zao zimekwisha kuharibika: wasizitwike mzigo mzito. Tafiti nyingine zimeona vipimo vya damu vikishuka kidogo, nyingine havikutikisika. Basi sidai kuwa mazoezi ni dawa. Dawa ya daktari haiachwi, na siku viungo vinapowaka mwendo hupunguzwa.

Ninachodai ni kwamba shule zetu, ambamo kipindi cha michezo humezwa na hisabati mtihani ukikaribia, ziache kumpa mwalimu mgonjwa kiti na kudhani zimemsaidia. Mwenzangu amerejea zamu ya uwanjani kwa ombi lake mwenyewe. Juzi aliwaambia wanafunzi wamwachie madaftari yake.