Vioo vya juu bila kupanda stuli
Bado unamwacha mwenzio apande stuli dirishani kufuta vioo vya juu? Acheni hizo jamani! Nunueni mpini unaorefuka. Na kama mnawalipa vijana wa usafi, kagueni wa kwao. Penye nyaya za umeme karibu, alumini na kaboni marufuku: zote hupitisha umeme. Chagueni faibaglasi, iwe safi na kavu, na bado kaeni mbali na nyaya. Msinunue mrefu kupita mahitaji; unayumba na kuchosha mabega. Mkimaliza, suuzeni mchanga, kausheni kila kipande kabla ya kukirudisha ndani, wala msipake loki mafuta, itateleza. Kioo kinauzwa dukani, mwenzio je?