Canton ni Guangzhou, tuiandike hivyo
SAFU YA MANENO NA MAHALI
Na Mwanaidi Shekue

Mwanafunzi anayesoma habari za Mkataba wa Nanking wa 1842, ule ulioipokonya China kisiwa cha Hong Kong baada ya Vita vya Kasumba, hukutana na bandari tano ambazo Waingereza walilazimisha zifunguliwe kwa biashara yao: Canton, Amoy, Foochow, Ningpo na Shanghai. Akizitafuta kwenye ramani ya leo, ataiona Shanghai peke yake. Nyingine nne zipo palepale zilipokuwa, ila zimeandikwa Guangzhou, Xiamen, Fuzhou na Ningbo. Nanking yenyewe ni Nanjing. Kijana huyo hana uzembe wowote, ila vitabu vyetu vimemwacha njiani.

Tahajia hizo za zamani zina asili yake. Nyingi zilienezwa na idara ya posta ya China wakati ilipokuwa mikononi mwa wageni, na mkutano uliofanyika Shanghai mwaka 1906 ukaziidhinisha. Amoy ilifuata matamshi ya watu wa pwani ya kusini. Canton ililetwa na Wareno. Kwa hiyo siwezi kusema walioziandika walikosea. Ninachosema ni kwamba wenye miji wameshaamua. Bunge la China lilipitisha pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, Februari 1958, baada ya kazi ya miaka kadhaa ya jopo la wataalamu akiwemo Zhou Youguang, mchumi aliyehamia kwenye isimu na kuishi hadi 2017, akafariki akiwa na umri wa miaka 111. Umoja wa Mataifa uliukubali kwa majina ya mahali mwaka 1977. Tangu Januari 1979 serikali ya China inautumia katika nyaraka zake za lugha za kigeni.

Sisi wa Kiswahili kwa Beijing tulifanya vizuri. Wazee waliosikiliza matangazo ya Kiswahili ya Radio Peking, yaliyoanza 1961, walizoea jina la zamani. Mwaka 1995 ukaja mkutano wa dunia wa wanawake, Katibu Mkuu wake akiwa Gertrude Mongella wa Tanzania. Jina Beijing likafika hadi vijijini, naye akaitwa Mama Beijing. Hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu.

Miji mingine haikupata bahati hiyo. Mtafsiri akikuta Chungking katika kitabu cha Kiingereza cha zamani, anainakili ilivyo, wakati ukurasa wa habari wa wiki hiyohiyo una Chongqing. Msomaji anadhani ni miji miwili. Wengine husema Peking “ilibadilishwa jina” kuwa Beijing, jambo ambalo si kweli. Ni tahajia tu iliyobadilika. Jina lenyewe lilibadilishwa kweli mwaka 1928, mji ulipoitwa Peiping, yaani Beiping kwa pinyin, likarudishwa 1949.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou anaweza kulishuhudia hili kwenye lebo ya begi lake. Uwanja wa ndege wa huko unatambulishwa kwa herufi CAN, zilizobaki kutoka Canton, kama Beijing ilivyobaki na PEK. Herufi hizo ni za mashirika ya ndege na hazimsumbui mtu. Gazeti halina sababu ya kuzifuata.

Nakubali kwamba pinyin ina ugumu wake kwetu, maana x na q hazimo katika alfabeti yetu. Ukikuta Xi'an, soma karibu na “Shi-an”, na Qingdao karibu na “Chingdao”. Mhariri aweke matamshi hayo mara ya kwanza jina linapotokea, basi. Ila asiguse ritifaa ya Xi'an, kwa sababu ndiyo inayotenga silabi mbili. Mji huo ni makao makuu ya mkoa wa Shaanxi, unaopakana na mkoa wa Shanxi. Kwa Wachina majina haya mawili hutofautiana kwa toni, na katika maandishi tofauti imebebwa na a moja ya ziada. Mswahili anayejua umbali uliopo kati ya kufa na kufaa hana udhuru wa kuidondosha.

Wala sitaki tufagie kila kitu. Hong Kong na Taipei ndivyo wenyeji wanavyojiandika, na ziachwe hivyo. Chuo Kikuu cha Peking na bia ya Tsingtao vimeamua kubaki na tahajia za zamani, na maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, bado yanajulikana kwa jina la Canton. Mwenye jina ana haki hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wahariri na wachapishaji wa vitabu vya shule: andikeni Guangzhou, Nanjing, Xiamen, Chongqing. Pale waraka wa kihistoria unapodai jina la zamani, liwekeni, kisha la sasa lifuate papo hapo kwenye mabano. Toleo lijalo la kitabu cha historia lianze na zile bandari tano.