Injini Inapokosa Moto Ghafula

Juma hili tuzungumze habari ya pikipiki, maana siku hizi katika vijiji vyetu vya Singida imechukua kazi nyingi zilizokuwa za punda na baiskeli. Inapeleka alizeti kwenye mashine ya kukamua, inampeleka katekista kigangoni, na usiku wa manane inampeleka mama mjamzito hospitalini, Makiungu au Itigi. Nyumba nyingi ziliuza ng'ombe ili kuipata, na nyingine zinailipia bado kidogo kidogo. Basi ikianza kukatakata njiani, riziki ya nyumba nzima imeshikwa.

Ugonjwa ninaousema ni huu. Jana injini ilikwenda vizuri. Leo inakwenda hatua chache, inakohoa, inapoteza nguvu, inapiga mlio kwenye ekzosi, kisha inashika tena. Mafundi husema "inamisi", yaani moto umekosa kuwaka ndani ya silinda. Hapo washauri huwa wengi. Mmoja atasema badili koili. Wa pili atasema ni sidiai, kile kisanduku kidogo cha umeme. Wa tatu atalaumu kabureta, wala hakosekani wa nne atakayenong'ona kwamba ni jicho la jirani. Jioni inafika, fedha za ada ya mtoto zimekwisha dukani, na injini ingali inakohoa.

Neno langu la leo ni moja tu: uliza kwanza, nunua baadaye. Kuuliza si ujinga, na injini nayo hujibu kwa mwenye subira.

INJINI INATAKA NINI

Injini ya petroli hufanya mambo manne kwa zamu. Huvuta hewa yenye petroli, huibana, huiwasha kwa cheche ya plagi, kisha hutoa moshi. Mjerumani Nikolaus Otto aliunda injini ya namna hii katika mwaka 1876, na pikipiki zetu bado zinafuata utaratibu uleule. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, moto huwaka mara 1,500, yaani mara 25 katika sekunde moja. Ukikosekana hata mara chache, sikio lako lasikia na kiti chako chatetemeka.

Basi mambo ya kuchunguza ni machache: cheche, petroli, hewa, na nguvu ya kubana. Nguvu ya kubana mara nyingi hupungua polepole, kadiri pistoni na valvu zinavyochakaa. Chujio la hewa nalo hujaa vumbi letu la kiangazi siku kwa siku. Lakini ugonjwa ulioanza ghafula, kati ya asubuhi na jioni, mara nyingi hutoka kwenye cheche au kwenye petroli. Hapo ndipo pa kuanzia, na kwa bahati njema hapo ndipo penye gharama ndogo.

MASWALI MATATU

Kabla hujashika spana, jiulize haya.

La kwanza: Ni jambo gani lilifanyika kabla ya ugonjwa kuanza? Kama ulitia petroli, shuku petroli. Kama uliiosha au ilinyeshewa, shuku maji kwenye kofia ya plagi. Kama mtu aliifungua kwa kazi nyingine, tazama kwanza mahali alipogusa.

La pili: Inakosa moto wakati gani? Ikiwa ni kwenye mashimo na makorongo, kuna waya uliolegea. Ikiwa ni mlimani na mzigo, kama pale Sekenke, huenda cheche ni dhaifu au petroli haifiki ya kutosha. Ikiwa ni baada ya injini kupata moto sana, na ikipoa inapona, shuku koili.

La tatu: Inachukua muda gani? Pikipiki inayokwenda vizuri robo saa, ikazima, ikapumzika, kisha ikaenda tena robo saa, mara nyingi imezibwa tundu dogo la hewa katika kifuniko cha tangi. Petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii juu yake. Fungua kifuniko ugonjwa unapoanza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikapona, umepata jibu. Dawa yake ni kulisafisha tundu lile.

Katekista mmoja wa kigango cha mbali alipatwa na ugonjwa huu siku ya Jumamosi, na kesho yake alitakiwa kuongoza Ibada ya Neno. Vijana wa kijiweni walikwisha mwandikia vipuri vitatu vya kununua mjini. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa amekaa kivulini, hakutazama karatasi ile. Alimwuliza, "Mwalimu, jana ulifanya nini na pikipiki hii?" Akajibu, "Niliiosha tu, mzee wangu, iwe safi kwa Jumapili." Mzee akaivua kofia ya plagi. Ndani mlikuwa na unyevu, na ncha ya waya ilikuwa na kutu ya kijani. Akaifuta kofia, akakata kipande cha waya kilichooza kisichozidi nusu sentimita, akaurudisha waya mahali pake kwa kuikaza kofia. Injini ikawaka ikatulia. Ile karatasi ya vipuri vitatu ikatumika kufuta mikono.

PLAGI NI SHAHIDI

Ikiwa maswali hayakutoa jibu, ifungue plagi, injini ikiwa imepoa. Futa kwanza vumbi kandokando yake, mchanga usije ukaanguka ndani ya silinda. Kisha itazame ncha yake. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi makavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: huenda choki imesahauliwa au chujio limeziba. Weusi wenye mafuta mazito ni dalili kwamba oili inapenya na kuungua. Weupe wa chokaa ni dalili ya joto kupita kiasi, au petroli kuwa kidogo. Na plagi iliyolowa petroli yasema, "Chakula kimefika, lakini moto sikuupata."

Tazama pia nafasi ya pale cheche inaporuka. Kwa pikipiki nyingi ni kama milimita 0.6 hadi 0.7, karibu na unene wa jino la msumeno wa kukatia chuma. Nafasi ikipanuka kwa kuungua, cheche hushindwa kuruka, hasa mlimani.

Sasa ijaribu cheche. Usiitoe plagi iliyo ndani. Chukua plagi nyingine iliyo nzima, ichomeke katika kofia, ilaze chuma kwa chuma juu ya injini, mbali na tangi na kabureta, kisha piga kiki. Usiishike kwa mkono, maana umeme ule unapita volti elfu kumi. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Cheche ya manjano iliyofifia, au kutokuwapo kabisa, yakuelekeza kwenye kofia, waya, koili na swichi. Usiku wa giza waweza hata kuona vicheche vikitoroka pembeni mwa waya uliopasuka.

Lakini ujue jambo moja. Plagi yaweza kutoa cheche nje, ikashindwa ndani, kwa sababu hewa iliyobanwa hupinga umeme zaidi kuliko hewa ya wazi. Kwa hiyo, kama plagi ni kuukuu, jaribu mpya kabla ya kugusa kitu kingine. Hiyo ni kipuri cha bei ndogo, na hata isipokuwa ndiyo kosa, itakufaa siku nyingine.

PETROLI YA CHUPA

Mahali pengi vijijini twanunua petroli ya chupa kando ya njia. Huenda imeingia maji au mchanga. Fungua skrubu iliyo chini ya kabureta, uikinge petroli katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, basi yatakaa chini na utayaona kwa macho. Yakionekana, mwaga yote yaliyomo katika kabureta na tangi mahali palipo mbali na kisima, usafishe chujio la mafuta, utie petroli safi. Kazi hii ifanyike mchana, nje ya nyumba, pasipo sigara, koroboi wala jiko karibu.

Na hapa akina mama nao wasikie. Usimruhusu kijana avute petroli kwa mdomo kwa mpira. Tone dogo likiingia mapafuni laweza kumwua. Wala petroli isiwekwe nyumbani katika chupa ya soda, maana mtoto hajui kuitofautisha na kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa sababu akitapika ndipo inapoingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja.

GARI LA ZAMANI

Labda msomaji mwingine anayo gari kuukuu la petroli, au anamsaidia mwenye nalo. Kanuni ni ileile, ila silinda ni nyingi, na kazi ni kumtafuta mwenye kosa kati ya wenzake. Wazee wanayakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika mwaka 1971 yalishindwa na gari la spoti, Datsun 240Z, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na katika 1973 na gari la namna hiyohiyo, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka ule wa 1973 Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström, na ilibidi kanuni za mashindano ziamue. Katika mashindano ya namna hiyo, dakika chache za injini kukohoa zingeweza kuchukua ushindi wote.

Datsun ile ilikuwa na silinda sita na kabureta mbili. Silinda moja ikilala katika gari la namna hiyo, tano huendelea kuvuta, na mwenye gari aweza kwenda nalo siku nyingi akidhani ni uchovu tu. Ili kumpata mwenye kosa, zima injini, vua waya wa plagi moja, uuchomeke katika plagi ya akiba iliyolazwa juu ya chuma cha injini, kisha washa usikilize. Injini ikizidi kutetemeka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, umempata. Zima tena, ubadilishane plagi yake na ya jirani. Kosa likihamia kwa jirani, plagi ndiyo mbaya. Likibaki palepale, jaribu waya wake. Likibaki tena, ndipo uwaze valvu na gasketi. Ikiwa silinda mbili zilizopakana zote zimelala, gasketi ya kati yao yashukiwa sana, isipokuwa mtu alibadilisha nyaya mahali pake.

Ikiwa silinda zote zinakosa moto bila mpango, tazama vile vitu ambavyo zote zinavitumia: kifuniko cha distributa kilicho na ufa mwembamba kama unywele, platini zilizoungua, kondensa, koili. Nafasi ya platini katika magari mengi ya zamani ni kati ya milimita 0.35 na 0.5. Vitu hivi vyapatikana katika magari ya zamani tu; magari mapya yana umeme wa namna nyingine, na usiyajaribu kwa njia hii.

FUNDI NA MWENYE CHOMBO

Katika yote haya ishike kanuni moja: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Kisipoleta nafuu, kirudishe kile cha zamani. Mwenye kubadili vitu vitatu pamoja, hata injini ikipona, hajui ni kipi kilichoiponya, na juma lijalo atapotea njia ileile.

Usiseme pia, "Inakwenda hivyo hivyo, nitaitengeneza baada ya mavuno." Petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda, na kuta zisizo na oili husagika. Gharama ya plagi yaweza kugeuka kuwa gharama ya injini. Na kama ndiyo pikipiki mnayoitegemea usiku kwa wagonjwa, siku ya kukwama kwake haitachaguliwa nanyi.

Kwa ninyi mafundi nina neno fupi. Mteja wako hajui kilichomo ndani ya injini, amekuaminia wewe. Kumwambia koili nzima imekufa ili umwuzie nyingine ni kuiba, hata kama hukuvunja mlango wa mtu, na Amri ya Saba haikuweka kando gereji. Mrudishie kila kipuri ulichokitoa, ukamwonyeshe ubaya wake. Nawe mwenye chombo, mlipe fundi aliyepata kosa kwa dakika tano sawasawa na aliyehangaika kutwa. Tukiwanyima ujira wale wanaouliza vizuri, tutabaki na wale wanaouza vipuri.

Ikateni karatasi hii mkaiweke pamoja na spana ya plagi. Kwa herini, Mungu awalinde njiani.