Pishi la Mama na Mnazi Uliozeeka

Ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa siku ya Ijumaa karibu na adhuhuri, pua yako itakwambia nyumba gani imepika pilau na nyumba gani imepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hali hii naijua tangu utotoni, nayo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni mazungumzo ya mlangoni. Zamani wanawake wakiulizana, "Leo mwapika nini?" Siku hizi swali ni, "Leo mwaweza kupika nini?"

Wako wasemao kwamba mapishi yetu yanakufa kwa sababu ya bei. Wako wengine wasemao kwamba ni vijana, ambao hawataki kukaa jikoni wakatoka jasho. Mimi nimeyatazama maneno haya kwa miaka michache iliyopita, tena nikiwa na kidonda changu mwenyewe, na naona pande zote mbili zina ukweli kidogo lakini hazijagusa penyewe. Hebu, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili polepole.

Nianze na mwaka 2020. Maradhi ya korona yalikuwa yameingia, misikiti imefungwa, na tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, serikali ikazuia watu kuingia na kutoka katika Mji wa Kale. Marufuku hiyo iliendelea hadi mwanzo wa Juni, hata Idi ikatukuta humo humo na sala yake tukaisali majumbani. Mikahawa ilifungwa. Zile kaimati, viazi vya karai na mabajia ambavyo wengi wetu tulizoea kuvinunua barabarani alasiri havikuwapo tena. Kila nyumba ikalazimika kujipikia futari yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nyumbani kwetu hatukuona dhiki ya chakula, kwani marehemu mamangu alikuwa hai. Alitukalisha chini, mimi na wanangu, mmoja akakuna nazi, mwingine akakanda unga, na yeye akiwa juu ya kiti chake akiamrisha kama nahodha. Siku zile ndipo nilipochukua daftari nikaandika. Nilijiambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Niliandika mahamri, mbaazi, mkate wa sinia, muhogo wa nazi, pilau na samaki wa kupaka. Nikalifunga daftari nikaona nimeokoa hazina.

Mama alifariki mwisho wa mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ramadhani ya kwanza bila yeye iliandama mwanzoni mwa Aprili 2022. Siku ya kwanza nililifungua daftari langu nikapika mbaazi za nazi. Yaliyoandikwa ni haya: "Mbaazi kibaba kimoja. Nazi mbili. Chumvi kiasi. Moto kiasi." Nilifuata kila neno. Mbaazi zilikuwa ngumu kama kokoto, na tui lilikatika, mafuta huku na maji huku. Sikulia kwa ajili ya mbaazi, lakini nililia.

Mama mdogo, nduguye mama, alikuja baada ya magharibi. Alifunua sufuria akatazama, akafunika. "Daftari halina macho, mwanangu," akaniambia. "Chumvi uliitia lini?" Nikamwambia mwanzo. "Na kasimile?" Nikamwambia nalo nililitia mapema, nikaongeza moto ili nisichelewe kufuturu. Akacheka kidogo. Kisha akanieleza, na yale aliyonieleza ndiyo ninayotaka kuyatia hapa gazetini, kwa kuwa hayamo katika madaftari mengi.

Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, huoshwa, na huchemshwa kwa maji matupu mpaka ukiibana moja kwa vidole ipondeke. Chumvi ikiingia kabla ya hapo, huenda ikakawiza kulainika. Zikishaiva, ndipo huingia tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na chumvi. Likipungua, ndipo huja kasimile, tui zito la kwanza, kwa moto mdogo, na mwiko usitoke mkononi mpaka lichemke taratibu. Hapo haliwezi kukatika. Kumbe mama hakunificha kitu. Aliniambia vipimo kwa sababu nilimuuliza vipimo, na utaratibu aliuacha katika mikono yake kwa kudhani nauona.

Mahamri nayo ni vivyo hivyo. Unga kilo moja, sukari robo kilo au pungufu, hamira kijiko kimoja cha chakula, hiliki iliyotwangwa wakati huo huo, na tui zito vuguvugu. Vipimo hivi kila mtu anavyo. Lakini tui hutiwa kidogo kidogo, kwa kuwa unga wa leo si sawa na wa jana katika kunywa maji. Unga hukandwa mpaka uache kushika mkono, hufunikwa mpaka uumuke, husukumwa na kukatwa, kisha huachwa tena uumuke kidogo kabla ya kwenda kwenye karai. Mafuta yakiwa baridi, andazi hunywa mafuta likalala. Yakiwa moto sawasawa, hufura lenyewe ukilimwagia mafuta kwa juu.

Basi jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba pishi la kutegemewa, lile unalolirudia miaka arobaini bila kukutupa, halikai katika vikombe na vijiko. Lakaa katika dalili: mbaazi kupondeka, unga kuachia mkono, tui kuchemka bila kukatika. Mwenye dalili hizi anaweza kupika kwa kibaba, kwa kikombe au kwa kopo.

Sasa tuje kwenye bei. Ramadhani ile ile ya 2022 ilikuwa ngumu kwa wengi. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeanza mwezi Februari, na Kenya hununua sehemu kubwa ya ngano yake ng'ambo, pamoja na katika nchi hizo mbili. Unga ukapanda. Mwisho wa Aprili Indonesia ikasimamisha kwa majuma kadha kuuza nje mafuta ya mawese, na mafuta ya kupikia yaliyokuwa ghali tayari yakazidi kutia hofu. Mwaka uliofuata, Julai 2023, India nayo ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati, marufuku iliyoondolewa Septemba 2024. Sisi huku ambao sehemu kubwa ya mchele wetu hutoka nje tuliyasikia maamuzi hayo ya mbali ndani ya masufuria yetu.

Hapo ndipo nilipoliona jambo la pili. Nilirudi kwenye daftari, nikayapanga upya mapishi ya mama kwa kutazama yanategemea nini. Unga wa ngano ukiwa ghali, mama alikuwa na mkate wa sinia, ambao ni wa mchele uliolowekwa na kusagwa. Mchele ukiwa ghali, alikuwa na muhogo wa nazi, viazi vitamu na ndizi mbichi za nazi, vyote vinavyolimwa hapa hapa nchini. Mafuta yakiwa ghali, alikuwa na samaki wa kupaka, anayechomwa juu ya makaa na kupakwa tui lililopikwa kwa thomu, pilipili na ukwaju, wala hahitaji karai la mafuta. Nyama ikiwa ghali, mbaazi zilikuwapo. Nilikuwa nikidhani mama alibadilisha chakula ili tusichoke. Kumbe alikuwa akicheza na soko, na soko halikumshinda.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba bei peke yake itaua mapishi yetu. Mapishi haya yalizaliwa bandarini, na watu wa bandarini wamezoea tangu kale jahazi kuchelewa. Kila kinachotoka mbali kina badala yake iliyo karibu.

Lakini tazama tena orodha hiyo. Mahamri yana tui. Mbaazi zina tui. Mkate wa sinia una tui. Muhogo, ndizi, viazi na samaki wa kupaka, vyote ni tui. Wali wenyewe wa kila siku ni wa nazi. Katika mapishi yale sita niliyoyaandika, ni pilau peke yake isiyohitaji nazi. Kila kitu kingine kina badala, nazi haina. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Minazi mingi tunayokula leo huku Kwale, Kilifi na Lamu ilipandwa na babu zetu, nayo imezeeka na mazao yake yanapungua. Wakati huo huo mashamba yanauzwa, minazi inakatwa ikawa mbao, na anayejenga nyumba anapanda maua mahali pake. Hatuoni hatari kwa sababu dukani kuna tui la makopo na la unga. Sisemi kwamba ni haramu kulitumia. Mimi mwenyewe hulitumia nikiwa na haraka. Lakini mtoto anayeanza na tui la kopo hatajua tui la kwanza na la pili ni lipi, na bila hayo mawili hawezi kupika mbaazi wala wali kwa dalili nilizozieleza. Atabaki na vikombe vyake, na vikombe nimekwisha kuona vilivyonifanya.

Wasomaji wengine watasema, basi tuandike vitabu. Vitabu ni vizuri, lakini tuna mfano wa karibu wa kujifunza. Mnamo Desemba 2021 shirika la UNESCO liliitia Kenya katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi utamaduni, kwa kazi iliyoanza mwaka 2007 ya kufufua vyakula vya asili. Kazi ile ilianza kwa kuorodhesha mimea na majina yake, lakini haikuishia kwenye orodha. Mboga zilizokuwa zikidharauliwa kuwa ni za maskini zilipandwa tena, zikapelekwa sokoni, na leo zinauzwa madukani na kupikwa mahotelini. Mboga ile ingebaki katika karatasi tu, ingekuwa historia.

Na sisi wa Pwani, mnazi wetu twautendea nini? Nionavyo mimi, kila mwenye kipande cha ardhi na apande mnazi mmoja mahali pa kila mmoja anaoukata. Serikali za kaunti zetu nazo zihesabu miche ya minazi kuwa ni jambo la chakula, wala si pambo la ufuo. Na nyumbani tumkalishe mtoto juu ya mbuzi akune nazi, awe wa kike au wa kiume. Nasema wa kiume kwa makusudi. Vijana wetu wengi wa kiume wanakwenda Ghuba kufanya kazi, nao hulala vyumba vya watu wengi bila mama wala dada wa kuwapikia.

Mwanangu mmoja yuko Doha. Ramadhani iliyopita alinipigia simu kabla ya magharibi.

"Shikamoo, mama. Mbaazi nimeshaziweka motoni. Nitie chumvi kiasi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Usiniulize kiasi. Chukua moja, ibane kwa vidole. Yapondeka?"

Akanyamaza kidogo. "Bado, mama."

"Basi chumvi iache."

Alipiga tena baada ya kufuturu, akaniambia wenzake wameramba sufuria. Kisha akauliza nazi za kwetu shambani kama bado zaangushwa kila miezi mitatu kama zamani. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia ule mnazi wa babu yake karibu na kisima umekauka kilele, na kwamba akirudi likizo nitampeleka tupande mwingine. Inshallah atakapozaa, mwenye kuukwea atakuwa mjukuu wangu.